Nahodha wa Pili Hajulikani Alipo

Nimechoka kutunza habari za watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Nasema hivi bila ugomvi na mtu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari huku Nyarero, Tarime, na kwa miaka mingi kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara wala likizo, imekuwa kuandika Mwongozo wa tamthilia moja ya vyombo vya angani. Tamthilia yenyewe ilianza kabla sijazaliwa na kwa mwendo wake itanizika. Kila nikidhani imekwisha, inatoka sizoni nyingine, na watu niliokwisha kuwaandika kuwa wamekufa wanafufuka, nami narudi kufuta.

Nililetwa huku na ajira ya serikali nikitokea Singida. Mke wangu yuko huko Singida hadi leo, naye ni mwajiriwa, na barua yangu ya kuomba uhamisho "inafanyiwa kazi". Mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mwalimu, jioni ikiingia na madaftari ya wanafunzi yamejaa meza, anatafuta pa kwenda. Mimi nilikwenda kwenye banda la video.

Banda ni la mzee mmoja mfugaji aliyeuza sehemu ya ng'ombe wake akanunua sola, televisheni kubwa na mabenchi. Ndugu zake walimcheka sana wakati ule. Yeye mwenyewe aliipenda ile tamthilia kuliko mteja wake yeyote, kwa sababu aliielewa kwa namna yake: watu wa mbali wanapigania mifugo na malisho, ila mifugo yao ni vyombo na malisho yao ni nyota. Kiingereza alikuwa hajui. Akaniomba niwe nasimama mbele kabla ya picha kuanza, nieleze tumefika wapi na nani ni nani. Nilieleza hadi koo likakauka, na kesho yake wale wale wakauliza yale yale. Ndipo nikasema potelea mbali, nitaandika.

Mwongozo wa kwanza niliupanga kwa herufi, kama mtu aliyesoma. Haukumsaidia mtu. Hapa bandani hakuna aliyewajua wale wahusika kwa majina yao ya Kiingereza. Walikuwa Mpishi, Shemeji, Binti wa Injini, Nahodha wa Kwanza, Nahodha wa Pili. Zaidi ya hapo, swali lao la kwanza juu ya mtu yeyote halikuwa jina lake. Walitaka kujua ni mtoto wa nani na ni wa kizazi gani. Wakurya, wenyeji wa huku, wana vizazi vinavyopokezana, na kizazi unakirithi kwa baba. Umri hauna kauli hapo. Nimeona kwa macho yangu mtu mwenye mvi akimwita mtoto wa darasa la pili "baba" na hakuna aliyecheka. Kwa hiyo Nahodha wa Kwanza aliporudi nyuma katika wakati akamkuta baba yake ni kijana mdogo kuliko yeye, sisi walimu na manesi wa kutoka mikoani tulishika vichwa. Wenyeji hawakuona tatizo. Baba ni baba, amsalimie, waendelee.

Nikaupanga upya kwa koo na vizazi. Nikauchapa, nikaupeleka stationari mjini Tarime ukapigwa kopi na kutiwa springi, na ukawa unaning'inia kwa kamba kwenye dirisha la tiketi ili kila mtu ausome akisubiri. Nakala zilifika mpaka Mugumu, kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa ananipigia simu kubishana juu ya rangi za injini. Mwisho wa maelezo ya kila mhusika niliweka hali yake, na hali zilikuwa tatu tu: Yuko hai. Amekufa. Hajulikani alipo.

Nahodha wa Pili alikuwa hajulikani alipo. Aliingia peke yake na chombo kidogo kwenye wingu fulani kwenda kutafuta madini ya kuendeshea injini, mawasiliano yakakatika, na sizoni zikapita. Mzee wa banda alimpenda huyo kuliko wote. Kila nilipotoa toleo jipya, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniamuru nimtafutie ukurasa wa Nahodha wa Pili na kumsomea mstari wa mwisho. Nikisoma "hajulikani alipo", anaitikia kwa kichwa. Halafu ananiambia kwamba katika tamthilia hii wote wasiojulikana walipo hurudi. Na ni kweli, hurudi. Mimi ndiye niliyewaandika.

Sikuwa mgeni tena kiasi cha kutojua alikuwa anaulizia nini. Mtoto wake wa kiume, mkubwa, alikwenda machimboni mkoa wa mbali kutafuta dhahabu. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye simu ikawa haipatikani. Mmoja alisema duara, lile shimo la kuchimbia, liliporomoka na wengine hawakutolewa. Mwingine akasema amemwona ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ana mwanamke na pikipiki. Mzee alituma watu kote huko wakarudi mikono mitupu. Ukoo ukamwambia baba, tumlilie huyu mtu yaishe. Akakataa. Nani amemwona amekufa, aliwauliza, na hapo ndipo kila kikao kilipoishia.

Sasa kijana huyo aliacha mke na watoto, na mke ndiye aliyekuwa anakaa dirishani kuuza tiketi. Mkamwana wa watu alikuwa amekwama. Angekuwa mjane, angelia, angenyolewa, angekalishwa chini akaambiwa hii ni nyumba yako, hili shamba lako, hawa ng'ombe wa watoto wako. Angekuwa na mume, angekuwa na mume. Yeye hakuwa na hili wala lile. Akitaka kuuza mbuzi mtoto apate sare za shule, mashemeji walimwambia asubiri mwenyewe arudi. Akiumwa, asubiri. Nyumba ikivuja, asubiri. Na baba mkwe wake hakuwa mtu wa kukaa naye aseme. Heshima ya mkwe hapa ni nzito. Mwanamke na baba wa mumewe hawapeani mkono wala hawakai kuzungumza mambo ya nyumbani. Mama mkwe, ambaye ndiye angekuwa daraja, alikwisha kufariki. Hivyo mzee alikaa ndani karibu na swichi, mkwe akakaa nje dirishani, ukuta wa mabati katikati, na hela zilipita kwenye kopo. Miaka ikaenda hivyo.

Siku moja nilifika mapema, watu hawajajaa. Nikatoa hela yangu. Nililipa kama watu wengine, mzee hakuwa na mambo ya bure. Yule mama alikuwa ameushika Mwongozo, ameufungua. Alisoma hadi darasa la saba na alisoma vizuri.

"Mwalimu," akasema, "huyu unayemwandika hajulikani alipo, mke wake unamwandikaje?"

Sikuwahi kuwaza hilo. Nahodha wa Pili ana mke kweli, anaonekana katika vipande vichache, anasimama kwenye dirisha la sayari yao akitazama juu. Nikamtafuta. Nilikuwa nimemwandikia mistari miwili, na hali yake mwishoni: Yuko hai.

"Yuko hai," nikamwambia.

Akacheka, lakini kwa pua tu, akanikatia tiketi. Niliingia ndani nikakaa na sikuona picha siku ile. Nilimwonea huruma na nikajichukia kidogo kwamba huruma yangu haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Ningemwambia nini mzee wa watu, mimi mtu wa Singida, kwenye jambo la ukoo wake? Mgeni hujifunza mapema wapi mlango na wapi ukuta.

Mambo yakabadilishwa na kitabu. Nesi wa zahanati, mwanamke wa Moshi ambaye ni shabiki kunishinda na ana ulimi kunishinda, aliagiza kwa mfanyabiashara wa Sirari kitabu chenyewe hasa, mwongozo rasmi wa wenye tamthilia, wa Kiingereza, mzito kama tofali, na picha za rangi. Kilipofika alinitumia ujumbe wa makosa yangu, moja baada ya jingine, wiki nzima. Sayari hii nimeiita mwezi. Huyu nimempa mama asiye wake. Nilimjibu asante, asante, nimeona. Kusema kweli nilifurahi. Nilimwambia basi yeye achukue kazi, atafsiri kitabu chake, mimi nipumzike. Akasema ana zamu.

Halafu akatuma kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki picha ya ukurasa wa Nahodha wa Pili. Humo wenye tamthilia walikuwa wameandika waziwazi kwamba alikufa ndani ya lile wingu. Hakuandika neno lake zaidi ya alama ya machozi. Kundi lile lina vijana wa banda pia.

Jumamosi ile nilizikuta kelele tangu barabarani. Bandani watu walikuwa wamegawanyika pande mbili kama kwenye mpira. Wengine walisema kitabu ni kitabu. Wengine walisema kitabu cha nesi ni cha kununua tu, Mwongozo wa mwalimu ndio wetu, na Mwongozo unasema hajulikani alipo. Waliponiona wakataka nitoe hukumu. Kabla sijafungua mdomo mzee alizima televisheni. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba leo hakuna picha, kila mtu akachukue hela yake dirishani. Nje, nilimwona yule mama akirudisha sarafu kwenye viganja vya watu bila kuuliza sababu. Mabati yale hayazuii sauti. Alikuwa amesikia yote.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nasahihisha mitihani, chai imepoa, mzee akabisha hodi. Alikuwa amevaa koti lake la vikao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akakataa chai, halafu akaikubali. Tuliongea habari za mvua, za muhogo, za barabara ya Turwa iliyochongwa upya. Nilijua kilichomleta na nilimwacha akifikie mwenyewe.

"Hiyo kitabu ya nesi, unayo?"

Nilikuwa nacho. Nesi alikuwa ameniazima ili nijirekebishe. Nikakileta mezani, nikafungua ukurasa. Akaitazama picha ya Nahodha wa Pili muda mrefu, akapitisha kidole pembeni yake bila kuigusa.

"Soma. Usinifichefiche."

Nikamsomea, nikitafsiri pole pole. Alizaliwa wapi, alioa lini, alipewa chombo gani. Aliingia kwenye wingu, mawasiliano yakapotea. Alifia humo. Basi, aya ilikuwa imeishia hapo na chini yake inaanza habari ya mtu mwingine.

"Nani alimwona?"

"Hakuna aliyemwona, mzee."

"Walipata maiti?"

"Hapana."

"Walipata hiyo ndege yake?"

"Hawakupata kitu."

Akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa wamejuaje?"

Ningeweza kumpa majibu mengi. Ningeweza kumwambia kwamba mwigizaji amezeeka, kwamba mkataba umekwisha, kwamba huko kwao kuna chumba watu wanakaa mezani wanapanga nani abaki na nani aondoke. Nilikuwa nimechoka. Nikasema ufupi wake.

"Hawajajua, mzee. Wameamua tu."

Nje jirani yangu alikuwa anapasua kuni, nikahesabu kwa masikio bila kutaka. Nilidhani atasema wenye tamthilia ni wajinga. Miaka yote alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba habari ya kifo huletwa, na yeye haijamfikia, hivyo hana la kutangaza. Angekaa hivyo hadi akafa mwenyewe, na mkwe wake angezeekea dirishani.

"Kumbe inaamuliwa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Hata bila kuona."

"Ndiyo."

"Na anayeamua ni mwenye mtu."

Hilo halikuwa swali. Akamaliza chai yake yote, maana hapa chai haiachwi. Akasimama, akashika fimbo, akafika mlangoni, akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mimi nilikuwa nangoja mtu aje aniambie, mwalimu. Nimengoja vibaya."

Akaondoka. Mimi nikarudi kwenye mitihani nikasahihisha karatasi ile ile mara mbili, nikampa mtoto wa watu maksi tofauti.

Jumatatu aliwaita ndugu zake wote, na wale wanaoishi Kemambo wakafika pia. Sikuwepo, na wala haikunihusu kuwepo. Nilisikia baadaye kwamba hakueleza mengi. Aliwaambia mtoto wake amekufa, yeye baba ndiye anayesema, na asiulizwe nani alimwona. Kaka yake mdogo, yule aliyekuwa anamshinikiza miaka yote, ndiye aliyelia kwanza.

Msiba ukawekwa. Walimu tulikwenda na mchango wetu, nesi akaja na kanga yake mabegani na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusahihisha. Watu walikaa siku zao, ng'ombe akachinjwa, yakafanywa ya kwao ambayo mimi huyatazama kwa mbali. Wanawake walikuwa ndani na yule mama. Tulisikia kilio chake kikianza, tukadhani kitakoma kama vilio vinavyokoma, hakikukoma. Alilia kama mtu aliyeweka akiba ya machozi. Mzee alikaa uani kwenye kiti akiangalia chini, na kila sauti ile ilipopanda alisogeza mguu wake kidogo kwenye vumbi.

Baada ya matanga mashemeji wakamwonyesha mwanamke mipaka ya shamba na ng'ombe wa watoto wake. Nasikia mzee mwenyewe ndiye aliyetaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi, akiwa amesimama mbali, na kaka yake akirudia kwa sauti ili mkwe asikie.

Banda lilifungwa kwa muda. Lilipokaribia kufunguliwa nilikuwa natayarisha toleo jipya, toleo ambalo niliapa litakuwa la mwisho, kama nilivyoapa kwa yaliyotangulia. Nikampitia mzee nyumbani kumuuliza jambo moja. Kitabu rasmi kinasema Nahodha wa Pili amekufa. Nesi atanisumbua nisipoandika. Je, niandike?

Alifikiri. Alikuwa amekonda, koti la vikao lilimpwaya.

"Huyo mwache," akasema. "Mwache hajulikani alipo. Wa kwenye kitabu hawachoki kusubiri."

Nikamwacha. Nesi aliniandikia ujumbe mrefu, nikamjibu asante, nimeona.

Jumamosi ya kufungua nilikwenda mapema na nakala mpya mkononi, harufu ya wino bado ipo. Yule mama alikuwa dirishani. Nywele zilikuwa zimenyolewa, amefunga kitambaa, na uso ulikuwa umepungua kama nyumba iliyotolewa vyombo. Msibani sikuwa nimefika alipo, wanaume tulikaa upande wetu. Nikaufunga Mwongozo kwenye kamba yake, nikatoa hela, halafu nikasema lile neno ambalo nchi hii tunampa hata mtu aliyejikwaa, aliyebeba mzigo, aliyenyeshewa.

"Pole, mama. Pole sana na msiba."

Hakunikatia tiketi mara moja. Alishika hela yangu, akatazama nje, juu ya bega langu, kule barabara inakotokea Tarime, kule ambako kwa miaka mingi nilikuwa nimemwona akitazama kila pikipiki iliposimama. Halafu akaacha kutazama huko, akanitazama mimi.

"Asante, mwalimu," akasema. "Tangu aondoke, watu waliniambia subiri. Pole hakuna aliyenipa."